Eksteno ya PS4 imeanza kulia tik tik: anza na sevu, gemu zitafuata

Swali limetoka kwa kaka mmoja mwenye banda la gemu Mbagala, Dar es Salaam, nalifupisha hapa. Ana PS4 Slim ya 500GB na eksteno, yaani diski ya nje, ya 1TB iliyojaa gemu mpaka juu. Tangu wiki iliyopita gemu ikiwa inafunguka eksteno inatoa mlio tik tik, inatulia, tik tena. Ameshanunua nyingine ya 2TB. Alipochomeka ya zamani kwenye laptopu ili akopi, Windows ikamwambia diski inatakiwa ifomatiwe kwanza. Anauliza anahamishaje kila kitu bila kupoteza kariya za vijana, zile timu za mpira wanazoziendesha msimu hadi msimu, maana kuna dogo yuko msimu wa saba na Newcastle na ameshasema zikipotea hakanyagi tena bandani.

Kaka, kwanza kabisa, kama hicho kiboksi cha Windows bado kiko wazi kwenye skrini bonyeza Cancel. Usiguse Format, na ikikuuliza mambo ya Initialize nayo ikatae, chomoa diski taratibu uirudishe kwenye PS4. Wengi hawauawi na diski, wanauawa na kile kiboksi, mtu anaona laptopu inamshauri kitu anadhani inamsaidia anabonyeza ndiyo, kumbe amefuta gemu za 1TB kwa sekunde tatu.

Sababu ya Windows kuchanganyikiwa ni kwamba PS4 ikishaichukua diski kuwa eksteno yake inaiandika kwa mfumo wake yenyewe, na imeufunga. Kompyuta haioni mafolda, haioni majina ya gemu, inaona diski ya ajabu isiyo na kitu. Kwa hiyo ile kukopi na kupesti tunayofanya kwenye muvi hapa haipo, hata uwe na laptopu ya namna gani, na anayekwambia kuna programu ya kuifungua ukachukua gemu moja moja atakula hela yako.

Sasa habari njema, na ungeniuliza hili tu ningekujibu kwa mstari mmoja: kariya ya dogo haipo kwenye hiyo eksteno. Haijawahi kuwepo. Sony walipoleta mambo ya eksteno kwenye PS4, ilikuwa apdeti ya 4.50 mwezi Machi 2017, waliruhusu gemu na apu zikae nje pamoja na apdeti zake, lakini sevu zote, yaani pale mchezaji alipofikia kwenye gemu, picha za skrini, video ulizorekodi, hizo zinabaki kwenye diski ya ndani ya mashine. Yaani eksteno ikifa leo saa kumi jioni, dogo ataikuta Newcastle yake palepale gemu ikisharudishwa. Na hata ukifuta gemu kabisa kwenye PS4 sevu haifutiki nayo, mpaka uende mwenyewe kuifuta kwenye menyu ya sevu.

Ila usishangilie bado. Diski ya ndani nayo ni ya kuzunguka vilevile, imekaa banda moja na hiyo eksteno, imekula vumbi lilelile na imezimwa ghafla mara zilezile umeme ulipokatika. Ya nje imeanza kulia, ya ndani inaweza kufuata bila hata kulia. Ndio maana nakwambia leo usianze na gemu, anza na sevu, kwa sababu gemu hata ukipoteza zote unaweza kuzishusha tena au kuzirudisha na CD, ni hela ya bando na usingizi tu, ila msimu wa saba wa Newcastle hauuzwi popote.

Tafuta flashi, hata ya 16GB inatosha kwa banda zima maana sevu nyingi ni ndogo. Iwe imefomatiwa FAT32 au exFAT, NTFS PS4 haiitaki. Ichomeke kwenye poti ya pili ya mbele, Slim ina poti mbili na zote ziko mbele, eksteno moja flashi moja, na usipitishie kwenye habu ya USB maana eksteno kwenye habu PS4 inakataa. Ingia Settings, halafu Application Saved Data Management, halafu Saved Data in System Storage, hapo utaona Copy to USB Storage Device. Chagua gemu, weka tiki, kopi. Dakika chache umemaliza.

Umemaliza kwa yuza mmoja, lakini. Hapa ndipo wenye mabanda wengi wanapoteleza. PS4 inakopi sevu za yule aliyeingia tu kwa wakati huo, na mimi nayajua mabanda, lazima una yuza wa banda, yuza wa mdogo wako, na wengine wanne walioundwa na wateja wakajipa majina ya ajabu. Toka, ingia kwa kila mmoja, rudia. Ya dogo ianze. Na yuza ambaye hajawahi kuunganishwa na akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation, mashine itakuwekea ngumu kukopi, kwa hiyo muunganishe kwanza, akaunti ni bure na barua pepe inatosha. Sevu inafungwa na akaunti ya mwenyewe, kesho ukiirudisha kwenye PS4 nyingine lazima iwe akaunti ileile, usidhani utachukua sevu ya dogo ukaibandike kwa yuza wako.

Ukitaka uhakika chomeka ile flashi kwenye laptopu, hii inasomeka vizuri. Utakuta folda PS4, ndani yake SAVEDATA, ndani yake folda yenye jina refu la herufi na namba ambalo ndio yuza, ndani yake CUSA na tarakimu tano ambayo ndio gemu. Humo kila sevu ni mafaili mawili yanayotembea pamoja, moja kubwa na jingine lenye .bin, dogo mno, baiti 96 tu. Usilidharau hilo dogo ukaliacha wakati unahamishia kwenye kompyuta, ndio limebeba ufunguo, bila hilo lile kubwa ni takataka. Kopi folda nzima ya PS4 kama ilivyo, uwe nayo kwenye flashi na kwenye laptopu.

Na kama hapo bandani mnacheza PES, gemu ya mpira, ile mliyoingiza jezi na majina halisi kwa folda ya WEPES, zile timu mlizohariri nazo zinakaa kama sevu, inaitwa Edit Data. Ikopi. Kuliko kurudia kazi ile ya kuingiza ligi moja moja, mimi siko tayari.

Haya, sevu ziko salama, sasa tuizungumzie diski yenyewe. Tik tik si lazima iwe kifo. Eksteno hizi ndogo zinakula umeme kupitia ule waya wa USB peke yake, waya ukichoka au ukiwa umekunjwa umeme unafika pungufu, diski inajaribu kuamka inashindwa inajaribu tena, na unasikia tik. Kwa hiyo kabla ya kulia badilisha waya, ule wenye kichwa kipana upande wa diski, na ubadilishe poti. Mlio ukipotea, umepona kwa bei ya waya. Ukiendelea na waya mpya, hasa kama una mpangilio, tik tik tik kimya, tik tik tik kimya, basi kichwa cha kusomea kinasumbua na kila saa unayoiacha inawaka ni saa unaiibia. Usiiweke juu ya PS4 pale inapopata joto na usiwaruhusu watu wacheze nayo leo. Banda la siku moja bila mapato siyo mwisho wa dunia.

Kuhamisha gemu kuna njia mbili na mimi kwa hali yako naipenda ya kwanza japo inachosha. PS4 inakubali eksteno moja tu kwa wakati, huwezi kuchomeka ya 1TB na ya 2TB ukasema mwaga huku kwenda kule. Ila inakuruhusu kuhamisha gemu kutoka eksteno kwenda ndani, na kutoka ndani kwenda eksteno. Kwa hiyo diski ya ndani unaifanya daraja. Ingia Settings, Storage, chagua ile eksteno, Applications, bonyeza Options, Move to System Storage, weka tiki gemu unazotaka. Zikijaa ndani, zima vizuri, chomoa ya zamani, weka ya 2TB, ifomati hukohuko kwenye PS4 kupitia Devices na USB Storage Devices, Format as Extended Storage, halafu zihamishe ziende nje. Rudisha ya zamani, chukua mzigo mwingine. Ile 500GB yako ukitoa nafasi ya mfumo unabaki na kama 400GB, na bila shaka kuna gemu ndani tayari, zile ambazo una CD zake zifute tu upate nafasi, si nimekwambia sevu hazifutiki.

Sasa upangaji wa foleni ndio akili yote ilipo. Usianze na herufi A. Anza na gemu inayokuuma bando zaidi, yaani gemu uliyonunua dijitali, kubwa, isiyo na CD. Piga hesabu, gemu ya 90GB kwa intaneti ya 10Mbps bila kukatika ni saa 20 za kushusha, kwa bando la simu hata sitaki kuisema. Hiyo ndio mgonjwa wa kwanza kuingia. Zinazofuata ni zile zenye CD lakini apdeti zake ni kubwa, kwa sababu CD inakurudishia gemu ya msingi bure ila apdeti utaishusha. Za mwisho ni zile ambazo hakuna mteja aliyeziomba tangu mwaka jana, hizo diski ikifa nazo zife. Na FIFA za zamani za dijitali zipe kipaumbele, maana EA walipoachana na jina la FIFA na kuleta FC 24 mwaka 2023 zile za nyuma ziliondolewa dukani, aliyekwisha nunua anaishusha bado kwenye maktaba yake, lakini mimi kitu ambacho hakiuzwi tena napenda niwe nacho mkononi.

Gemu ya 50GB kwa diski isiyo na tatizo inachukua robo saa hivi. Yako ikikwama kwenye gemu moja nusu saa haisogei, ikate, iruke, nenda inayofuata, ile iliyokwama ipo kwenye sehemu iliyoharibika na ukiing'ang'ania utaua na zile nzima.

Njia ya pili ni kukloni, yaani kuinakili diski yote baiti kwa baiti bila kujali ndani kuna nini. Kompyuta haielewi mfumo wa PS4, sawa, lakini haihitaji kuuelewa ili kuunakili, ni kama kutoa fotokopi ya barua ya Kichina. Faida yake unafanya mara moja ukalala. Hasara yake kwako ni kwamba fotokopi inakuja na ukubwa uleule, 2TB yako itaonekana ni 1TB tu, ile nusu iliyobaki huipati mpaka uifomati upya, na diski ya kupokea lazima ilingane au iizidi ya kutoa, hata 1TB mbili za kampuni tofauti zinaweza kupishana kidogo na ikapungua. Ukimaliza ichomeke nakala peke yake, usizibadilishe badilishe na ya zamani siku hiyohiyo, ufungue gemu tatu nne uone zinacheza kabla hujaiamini.

Kwa diski inayolia tumia ddrescue kwenye Linux, kwenye Ubuntu jina la pakiti ni gddrescue. Hii programu ina busara, inasoma kwanza sehemu nzima halafu ndio inarudi kwenye mbovu, na inaandika daftari la ilipofikia, umeme ukikatika unaianzisha tena kwa amri ileile inaendelea pale. Kwanza andika lsblk uangalie diski zako kwa ukubwa, ipi ni 1TB ipi ni 2TB, halafu kama ya zamani ni sdb na mpya ni sdc:

sudo ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc daftari.map

Hilo daftari liweke kwenye flashi nyingine, kwa sababu kama umewasha Linux ya flashi bila kuinstoli, faili ukiliacha kwenye desktopu linakaa kwenye RAM na ukizima linapotea, na ndio kitu pekee cha kukuokoa. Tumia poti ya USB 3.0, mara nyingi ndani ina rangi ya bluu. Kwa mwendo wa 100MB kwa sekunde 1TB ni karibu saa tatu, kwa poti ya zamani ya USB 2.0 ni saa nane tisa, na diski mgonjwa inaweza kukaa siku mbili.

Mafundi wengine watakwambia lete tuiweke kwenye doki ya kukloni, kile kikasha cha matundu mawili, unachomeka diski mbili unabonyeza batani bila kompyuta. Ni kizuri. Ila eksteno nyingi ndogo za siku hizi ukizipasua unakuta poti ya USB imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, hakuna SATA, ile soketi ya kawaida ya diski, haiingii kwenye doki, na umeshavunja kasha. Muulize fundi kabla hajashika bisibisi. Na doki haina huruma. Mimi mwenyewe miaka hiyo nilikuwa na moja imefutika zile herufi za kuonyesha tundu la kutoa na la kupokea, nikasema nakumbuka, la mbele ndio la kutoa, nikabonyeza. Zile taa nne za asilimia, ya kwanza ilipowaka 25 nikawa hata najipongeza nakunywa chai, ndio nikageuza kikasha nikaona stika ya chini. Nilikuwa nanakili diski tupu juu ya diski ya mteja. Robo ilikuwa imeshaliwa lakini ile robo ya mwanzo ndio ina faharasa yote, PS4 haikuitambua tena. Nilimrudishia gemu zake zote kwa bando la usiku la kwangu, siku kumi na moja, nalala saa kumi na mbili asubuhi. Tangu siku hiyo kila diski ya kutoa naifunga utepe mwekundu, hata ikiwa dakika mbili.

Kuna kitu kingine utakiona kwenye menyu ya System kinaitwa Back Up and Restore ukadhani ndio jibu la swali lako. Siyo. Kile kinachukua diski ya ndani, sevu, mipangilio, picha, na gemu zilizo ndani ukitaka, kinazimwaga kwenye diski yenye exFAT. Kizuri siku unabadilisha diski ya ndani. Ila ukikirudisha kinafuta PS4 nzima kwanza, na kinawarudisha watu wote siku uliyochukua ile bakapu, ukiwa umechukua Agosti na unairudisha Desemba jiandae kwa kesi. Trofi pia hazimo, zisawazishe na PSN kabla.

Mwenye PS5 anayesoma hapa, sevu za gemu za PS5 hazikubali kwenda kwenye flashi, ni klaudi ya PS Plus tu, ile huduma ya Sony ya kulipia, za gemu za PS4 ndio zinakubali. Wa Xbox mna raha yenu, mnachomeka eksteno mbili pamoja na mashine inakopi yenyewe kutoka moja kwenda nyingine. Na nyie wa PS2 ya OPL, ile programu ya kucheza gemu kutoka kwenye diski, diski yenu ya USB mara nyingi ni FAT32 ya kawaida, kompyuta inaisoma, kopi na pesti kwenye diski iliyofomatiwa upya, na mara nyingi zile gemu zilizokuwa zinagoma zinaanza kucheza kwa sababu faili limekaa mfululizo bila kukatikakatika.

Turudi Mbagala. Hiyo mpya isife kama ya kwanza. Vijana wakimaliza usiku usivute waya wala usizime swichi ya ukutani PS4 ikiwa na taa ya chungwa, hiyo imelala haijazimwa, eksteno inaweza kuwa bado inaandikwa. Ukitaka kuchomoa wakati imewaka, shikilia batani ya PS kwenye pedi, Sound/Devices, Stop Using Extended Storage, ndio uchomoe. Umeme ukikatika katikati utaona inairekebisha eksteno inapowaka, iache imalize hata kama foleni ya wateja imefika barabarani. UPS ndogo ya kompyuta, ile ya kukupa dakika tano za kuzima kistaarabu, nunua kabla ya kununua pedi nyingine.

Ya zamani ikishatoa ilichoweza usiifute, iweke pembeni wiki mbili mpaka umefungua kila gemu kwenye mpya. Halafu usimuuzie mtu. Na ile flashi ya sevu andika tarehe kwa makapeni, kopi upya kila Jumapili kabla hujafungua, na ikae nyumbani kwako, sio kwenye droo ya bandani, maana anayekuja kubeba PS4 usiku anabeba na droo.